Shule ya kutwa, tena mchanganyiko: mume wangu hataki binti yetu aende

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nje ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Zamu ya usiku imekwisha na sitaki kurudi nyumbani kabla sijayatoa haya moyoni. Sisi ni watu wa Tanga, tuko Columbus, Ohio, mwaka wa 11 sasa. Mume wangu anaendesha lori lake mwenyewe, bado tunalilipia mkopo. Tuna binti wa miaka 13, yuko darasa la 8 shule ya serikali hapa jijini, na mdogo wake wa kiume ana miaka 9.

Mwaka jana mwalimu wake wa hesabu aliniita. Akaniambia mtoto huyu anamaliza kazi ya darasa ndani ya dakika 10, kisha anazunguka kuwasaidia wenzake. Akanishauri nimpeleke akajaribu shule moja binafsi iliyo upande wa pili wa mji, ambayo kazi yake ni kuwaandaa watoto kwa chuo kikuu. Nikajaza fomu. Baba yake sikumwambia, nikiogopa atakataa mapema, na hilo najua nilikosea. Mtoto akafanya mtihani wa kuingia, akaandika insha, akahojiwa. Sasa barua imekuja: amepata nafasi ya darasa la 9. Ada ni dola 33,000 kwa mwaka, shule inatoa msaada wa dola 25,000, sisi tulipe 8,000. Mkataba unatakiwa urudi ukiwa umesainiwa ndani ya wiki 3.

Nilipomwonyesha mume wangu alinyamaza siku nzima. Kesho yake akasema: "Tangu lini shule nzuri ikawa ya kutwa, tena mchanganyiko?" Yeye amesoma Ilboru, bweni, wavulana watupu. Anasema kwetu mtoto anayefaulu huchaguliwa kwenda bweni, na anayebaki ndiye anayekwenda shule ya kata asubuhi na kurudi jioni. Anasema wasichana wa Kilakala na Msalato wamefaulu miaka yote kwa sababu hawana wavulana wa kuwachanganya. Kisha akaniuliza swali nililoshindwa kulijibu: mtu gani anatoa dola 25,000 bure kila mwaka kwa mtoto asiyemjua? Wanataka nini kwetu?

Tena tuna kiwanja Pongwe, kule Tanga, tulipanga kuanza msingi mwaka huu. Na mama mkwe ana kisukari, dawa zake tunatuma sisi kila mwezi.

Ningeweza kubishana na mume wangu, lakini binti naye ameanza kurudi nyuma. Siku ya barua aliruka kwa furaha. Juzi usiku akaja chumbani kwangu akaniambia: "Mama, siku ya mahojiano niliwaona watu weusi watatu tu, na mmoja alikuwa jikoni." Akaniuliza pia kama ni kweli kwamba asipozungumza darasani watamkata alama. Mtoto wangu si msemaji, Mwalimu. Nimemlea asimkatize mkubwa.

Nifanye nini?

Mama wa Columbus

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Nimefundisha Tanzania miaka mingi, na hapa Marekani nimesomesha mtoto wangu mmoja katika shule ya aina hiyo hiyo kwa msaada wa ada. Kwa hiyo nitasema ninayoyajua na nitakuambia ningefanya nini.

Kwanza yako wewe na mume wako. Mkataba huo utaifunga nyumba nzima kwa pesa za mwaka mzima, na aliyeombwa kusaini hakushirikishwa tangu mwanzo. Kabla hujamweleza neno lolote kuhusu shule, muombe radhi kwa hilo peke yake. Usiichanganye radhi na maelezo ya ada.

Sasa swali lake la kutwa na mchanganyiko, maana ni swali la mtu anayejua shule. Anapima kwa kipimo cha nyumbani, na kwa nyumbani yuko sahihi. Serikali ilipofungua shule za kata kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, nyingi zilianza bila walimu wa kutosha, bila maabara, watoto wakitembea kilomita nyingi. Zilikuwa za kutwa na za mchanganyiko, maneno hayo mawili yakashikamana na unyonge. Bweni nalo lilikuwa na sababu yake: mtoto wa kijijini asiye na taa nyumbani hupata taa, mlo na saa za kujisomea.

Hapa ulipo kipimo ni kingine. Shule hizi huitwa huru kwa sababu si za serikali, na ingawa ni binafsi hazina mwenye mali kama tuliyemzoea, yule tunayesema "shule ya mzee fulani". Husimamiwa na bodi ya wadhamini, na kwa kawaida husajiliwa kama taasisi isiyogawana faida. Za kutwa ndizo nyingi, na mtoto anarudi kwenu jioni, anakula chakula chako, anasali na nyinyi. Mimi ningeogopa zaidi bweni la nchi hii kuliko kutwa.

Na kuhusu wavulana na wasichana, mweleze habari za Phillips Exeter Academy, kule New Hampshire. Ilianzishwa 1781 kwa ajili ya wavulana, na ilikaa hivyo karibu miaka 190, kisha mwaka 1970 ikafungua mlango kwa wasichana. Jirani yake, Phillips Academy ya Andover, ilifuata mwaka 1973 ilipoungana na shule ya wasichana ya Abbot. Hizo ni miongoni mwa shule zenye jina kubwa kabisa nchini, na zilichanganya kwa hiari yao. Za wasichana watupu zipo bado, na nzuri zipo. Ila mchanganyiko hapa si dalili ya shule iliyokosa wanafunzi.

Swali lake la pili nimelipenda zaidi. Nani anatoa dola 25,000? Mume wako ni mtu wa Tanga, atalielewa jibu kwa neno moja: wakfu. Waliosoma hapo zamani, na wazazi wenye uwezo, hutoa mali. Shule huitunza na kuiwekeza, na matunda yake ndiyo hulipia walimu na watoto wasio na uwezo. Sehemu nyingine hutoka kwenye ada za wanaolipa zote na michango ya kila mwaka. Nao wanapata kitu, tusifiche: darasa la watoto wa matajiri watupu ni darasa bovu, na walimu wazuri wanalijua hilo. Wanamtaka binti yako kwa sababu ya kile alichokionyesha kwenye mtihani na kwenye insha. Baadaye watakuombeni mchango wa hiari. Toeni dola 20 mkiweza, wala msione haya.

Sasa nieleze mnanunua nini hasa, maana hapa ndipo wazazi wetu wengi hukosea. Tumezoea Baraza la Mitihani. Mtoto anaweza kulegea miaka mitatu, akakaza mwaka wa nne, akapata divisheni ya kwanza na mengi ya nyuma yakasahaulika. Marekani haina mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza sekondari. Chuo kikuu huangalia alama zote tangu darasa la 9, uzito wa masomo aliyochagua, barua za walimu, insha yake, na pengine mtihani wa kuombea chuo, SAT au ACT. Kwa hiyo mwalimu anayemjua mtoto vizuri kiasi cha kuandika kurasa mbili za kweli juu yake ana thamani kubwa. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri 1 kwa wanafunzi 250, na wastani wa nchi umekuwa ukizidi 350. Katika shule kama hiyo yenu mshauri wa vyuo hubeba wanafunzi wachache mno kuliko hao. Uliza idadi yao. Hicho ndicho mnacholipia: macho ya mtu mzima juu ya mtoto wenu kwa miaka 4. Ufaulu wenyewe hakuna anayeuuza.

Pesa sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Mume wako nadhani amepiga hesabu ya 8,000 mara 4 akapata 32,000. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Ada za shule hizi hupanda karibu kila mwaka. Tuseme inapanda kwa asilimia 4, na msaada unabaki dola 25,000 zile zile. Mwaka wa pili mtalipa 9,320. Wa tatu 10,693. Wa nne 12,121. Jumla inafika dola 40,000 na kidogo, kabla ya vitabu, kompyuta, viatu vya michezo, safari za darasa na chakula cha mchana. Ndiyo maana swali la kwanza kwa ofisi ya msaada wa ada ni hili: ada ikipanda, msaada nao unapanda? Na kama kipato chetu hakijabadilika, sehemu yetu itabadilika? Waombe wakujibu kwa maandishi.

Msaada huo huombwa upya kila mwaka, kwa fomu ile ile ya fedha za wazazi uliyojaza. Mwenye lori lake aangalie sana hapa. Kwenye kodi mnaondoa uchakavu wa lori, kipato kinaonekana kidogo. Ofisi nyingi za shule huurudisha uchakavu huo kwenye hesabu, zikisema ni pesa ambayo haikutoka mfukoni mwaka ule. Mkishangaa mwaka wa pili kwa nini wamewaona matajiri, sababu inaweza kuwa hiyo. Mweleze anayewajazia kodi mapema.

Dawa za mama mkwe nazo msizimeze kimya. Fomu zile zimetengenezwa na watu ambao mama zao wana bima. Andika barua ya ukurasa mmoja: tunamtunza mzazi mgonjwa Tanzania, tunatuma kiasi hiki kila mwezi, risiti za miezi 12 hizi hapa. Ambatanisha. Mimi nilichelewa mwaka mzima kwa aibu ya kuonekana naombaomba. Nilipoandika, walipunguza sehemu yetu. Hawakuwa wakijua tu.

Ohio ina jambo jingine la kuulizia. Kuna vocha iitwayo EdChoice, yaani pesa za jimbo za kusaidia kulipia ada ya shule binafsi. Tangu 2023 imefunguliwa kwa familia zote, na familia yenye kipato kisichozidi asilimia 450 ya mstari wa umaskini hupata kiwango kamili, ambacho kwa sekondari ni zaidi ya dola 8,000. Lakini shule lazima iwe imekubali kujiunga, na si zote zimekubali. Ikiwa yenu imejiunga, uliza tena: vocha itapunguza sehemu yetu, au mtapunguza msaada wenu kwa kiasi hicho hicho? Majibu ya maswali hayo mawili yanatofautiana kwa maelfu ya dola. Ujue pia kwamba Juni 2025 jaji wa kaunti yenu, Franklin, alitoa hukumu kwamba upanuzi huo unakiuka katiba ya jimbo, akaacha vocha ziendelee kutolewa wakati rufaa inasikilizwa. Kwa hiyo msijenge mipango ya miaka 4 juu yake.

Usafiri: kwa mtoto hadi darasa la 8 sheria ya Ohio kwa kawaida huitaka wilaya ya shule imsafirishe hata anayesoma shule binafsi, ikiwa safari haizidi dakika 30. Kuanzia darasa la 9 usilitegemee hilo, iulize wilaya. Wasipomsafirisha, zamu yako ya usiku na saa ya shule asubuhi vitagongana. Tafuteni mzazi wa upande wenu wa mji wa kushirikiana naye gari kabla hamjasaini chochote.

Na mkataba wenyewe usomeni pamoja, mstari kwa mstari. Mikataba mingi ya shule hizi ina tarehe ambayo ikipita, mnadaiwa ada ya mwaka mzima hata mtoto akiondoka Oktoba. Uliza tarehe hiyo ni ipi na kama kuna bima ya ada, ya kuwafidia mkilazimika kumtoa.

Upande wa pili wa mizani unastahili kusemwa kwa heshima, maana kubaki shule ya serikali si kumtupa mtoto. Ohio ina mpango wa College Credit Plus, ambapo mwanafunzi wa shule ya serikali, kuanzia darasa la 7, anaweza kusoma masomo ya chuo cha umma bila kulipa ada wala vitabu. Na jiji lenu lina Columbus Promise, iliyoanza na wahitimu wa 2022: aliyemaliza sekondari za serikali za jiji husoma chuo cha umma cha Columbus State bila ada hadi mihula 6. Binti akihamia shule binafsi, hiyo ya pili anaipoteza. Kuna watoto wetu wamepita njia hii wakafika mbali.

Nimeacha la binti mwishoni kwa makusudi, maana kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Usimwambie kwamba hofu yake ni ya bure. Aliwahesabu watu weusi akawapata watatu, na akatazama mmoja wao yuko wapi. Mtoto huyo anaona. Mwambie ukweli kwamba shule binafsi za nchi hii zina historia. Baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kupiga marufuku utengano katika shule za umma mwaka 1954, shule nyingi binafsi za Kusini zilifunguliwa ili watoto wa kizungu wasikae na weusi. Ilichukua hadi 1976, katika kesi ya Runyon v. McCrary iliyotoka Virginia, mahakama kusema kwamba hata shule binafsi haiwezi kumkataa mtoto kwa rangi yake. Ohio si Kusini, na shule yenu pengine haina historia hiyo. Lakini una haki ya kuuliza: walimu weusi ni wangapi, na wanafundisha nini? Watoto weusi walioingia darasa la 9 miaka 4 iliyopita, wangapi walimaliza? Swali hilo la mwisho ndilo langu. Shule inayojibu kwa namba, bila kuzunguka, ni shule inayowahesabu.

Kuhusu kuzungumza darasani, ni kweli. Shule nyingi za aina hii hufundisha kwa mjadala. Tena mtindo huo ulipata jina Exeter, mwaka 1930, tajiri Edward Harkness alipotoa pesa ili wanafunzi wakae na mwalimu kuzunguka meza moja ya duara dufu badala ya safu za madawati. Mtoto asiyesema mezani huonekana hajasoma. Wangu alirudi na alama ya C ya somo la fasihi, na vitabu vyote alikuwa amevisoma mara mbili. Nilikwenda kumwona mwalimu. Nikamweleza kwamba kwetu mtoto anayenyamaza mbele ya mkubwa amefundwa, na kwamba nyumbani hilo ni sifa. Alinisikiliza, akaandika. Tangu siku hiyo akawa anampa mtoto swali jioni ya jana yake, ili kesho awe wa kwanza kusema. Ilichukua muhula mmoja.

Adabu uliyomfunza usimvue, mwongezee nyingine. Mwambie mezani pale mwalimu ndiye aliyempa ruhusa ya kusema, na kutoa hoja kwa anayekuomba hoja si kumkatiza mkubwa. Mfanyie mazoezi nyumbani. Baba yake amuulize wakati wa chakula anaonaje habari fulani, amwache amalize, ampinge, naye ajibu. Kwa Kiswahili. Baba mwenye akili ya kuuliza yale maswali mawili atakuwa mwalimu mzuri wa hilo.

Na wewe, siku ya mkutano wa wazazi nenda. Utakutana na wenye majumba na magari. Nenda na sare yako ya kazi kama umetoka zamu. Mtoto akikuona umekaa mstari wa mbele hutamsikia akikuomba umshushe kona ya mbali.

Ukiniuliza mimi, ningempeleka, kwa masharti mawili. La kwanza, ofisi iseme kwa maandishi jinsi sehemu yenu itakavyokwenda kwa miaka 4, na hesabu hiyo iwaache mkiweza kulipa lori na dawa za mama. Msingi wa Pongwe unaweza kusubiri, dawa haziwezi. La pili, binti aende akakae huko siku nzima kama mwanafunzi, shule hizi huruhusu hilo, aingie madarasani, ale chakula cha mchana, na akirudi jioni mumuulize mara moja tu anataka au hataki. Akisema hataki, mwandikishe sekondari ya jiji, na umwombe yule mwalimu wa hesabu amwelekeze kwenye masomo ya chuo mapema.

Jumatatu asubuhi piga simu ofisi ya msaada wa ada. Waombe waongeze siku 10 kwenye tarehe ya mkataba, sema baba wa mtoto yuko safarini na lori na mnataka kusoma pamoja. Mara nyingi hukubali wakiombwa kabla ya tarehe kupita. Halafu muombe mume wako ndiye aende na binti siku hiyo ya kutembelea, yeye aliyesoma Ilboru, aione maabara na meza kwa macho yake. Niandikie mtakaporudi.

Mwalimu